Jina la Mashimba chini ya Swali la Nne

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimerudi kwenye kalkulasi ya vigeu vingi. Mwaka jana ilinigaragaza, mwaka huu nairudia. Nikianguka tena nadisko — chuo kinanitoa, narudi Kasulo bila digrii, kuwaeleza darasa la saba kwamba mwalimu wao wa hesabu amefukuzwa na hesabu.

Mhadhiri mpya kaingia. Joyceline. Nilimfundisha darasa la tano! Alikuwa anakaa dirishani, anauliza "kwa nini" mpaka kengele inalia. Nje ya mlango alipiga goti kidogo: shikamoo mwalimu. Marahaba. Ndani nikasimama na wenzangu: habari za asubuhi, Madam. Irine, binti wa miaka ishirini na mbili ninayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza: baba, umeamkiwa na kuamkia ndani ya dakika moja.

Joyceline katugawia masharti ya somo. Asiyefikisha robo tatu ya vipindi hafanyi mtihani. Kazi iliyochelewa haipokelewi. Simu ikilia, inatoka na mwenyewe. Jibu bila njia ni sifuri — hilo nalijua, ni langu, lilikaa juu ya ubao wa Kasulo kwa chaki nyekundu. Ukisaidiwa swali, andika chini yake jina la aliyekusaidia. Na kati ya majaribio sita, lile baya kuliko yote linafutwa. Hapo nikapumua. Kuwa na jaribio baya sina wasiwasi. Kazi ni kuwa nalo moja tu.

Tukatakiwa kusaini kwamba tumesoma. Nilisaini wa kwanza, kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 5 Machi

Majivu asubuhi, jaribio saa nne. Niliingia darasani na msalaba wa majivu usoni. Irine: baba, mwaka huu umeomba msamaha mapema.

Nane kwa ishirini. La kufutwa limepatikana.

Jumamosi, 15 Machi

Niko nyumbani, Kasulo. Kazi ya kukusanya Jumatatu, maswali matano. Manne yamekwenda, limebaki la nne. Umepewa mlima na mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Eleza kwa nini njia ya mpando mkali kuliko zote inakata mistari hiyo kwa pembe mraba. Fomula naijua. Kwa nini — sijui. Mwaka jana nilinakili fomula nikaondoka, na fomula ikaniacha kwenye mtihani.

Nilikwenda kunyoosha miguu mlimani. Mashimba alikuwa anachunga. Alihamia hapa kutoka Shinyanga zamani, na bado ananitania kwamba sisi Wahangaza tunalima hadi ukutani. Nilimsimulia swali kama natania. Hakucheka. Akanionyesha kwa fimbo mapito ya ng'ombe, yamezunguka mlima kama mikanda. Mwalimu, ng'ombe akila hapandi wala hashuki, anauzunguka mlima. Ukitaka afike juu kwa hatua chache, mgeuze mpaka pito limkae mbavuni, kushoto na kulia sawasawa. Akielekea pembeni kidogo tu, sehemu ya hatua inapotea kwa kuzunguka.

Nilikaa chini palepale, kwenye majani yenye mvua. Mwaka mzima wa kitabu!

Deodata kaona suruali yangu, kauliza kama nimeanguka. Nikamjibu, mke wangu, nimeelewa. Akasema siku nyingine nielewe nikiwa na suruali kuukuu.

Nimeandika njia yote, hatua kwa hatua, namba zangu mwenyewe. Chini yake: Nimesaidiwa na Mashimba, mfugaji, Kasulo. Mtu akikushika mkono humfichi.

Jumanne, 18 Machi

Joyceline kaniita ofisini. Ameniita Ndugu Laurian. Tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo, nikajua kuna jambo.

Akaweka masharti mezani, akaigeuza karatasi. Nyuma! Kumbe kuna nyuma. Msaada wa mtu asiye wa darasa hili hauruhusiwi bila kibali. Atakayebainika atafikishwa kwenye kamati. Miaka ishirini na tatu nawaambia watoto kabla ya kila mtihani: geuza karatasi, angalia nyuma.

Kasema jibu langu la swali la nne ndilo bora darasa zima, na hilo ndilo linalozidisha shida. Ningeweza kulinyamazia, kasema, lakini wewe ulinifundisha. Wenzako watasema nini? Kamati ni Jumatatu. Wakiona ni udanganyifu, somo zima ni sifuri. Na sifuri ni disko.

Niliogopa, sikatai. Ila nilitoka nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia. Angenibeba, ningejiuliza nilimfundisha nini.

Irine hana huruma: baba, watu wanadesa, wananakili kurasa nzima za wenzao, na wananyamaza. Wewe umejishtaki kwa ajili ya ng'ombe.

Alhamisi, 20 Machi

Barua ya kamati. Wanamtaka "huyo Mashimba" aje aeleze alifanya nini hasa.

Nimempigia. Akauliza, kosa ni la ng'ombe au langu? Nikasema ni langu, sikugeuza karatasi. Akauliza tena: huko chuoni kuna mlima? Nikamwambia Ngara yote ni mlima. Akasema basi hakuna neno, atakuja.

Usiku huu nitalala. Sijui kwa nini, lakini nitalala.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati.

Mashimba kafika kabla yangu, gambuti, kofia, fimbo. Mlinzi alitaka fimbo ibaki getini. Mashimba akamwambia: hii ndiyo kalamu yangu, baba. Kaingia nayo.

Mimi walinihoji kwanza. Dokta Frednand, mwenyekiti, aliichukua karatasi yangu, akaifunika. Eleza swali la nne. Nikaeleza kwa mikono miwili na kikombe chake cha chai, nilichokipindua ili kiwe mlima. Kwa bahati kilikuwa kitupu. Dokta akachukua kalamu. Aliandika kirefu, akanitoa nje, akamwita Mashimba.

Dirisha liko wazi. Dokta kauliza kama alimwandikia mwalimu hata namba moja. Mashimba: namba ni za kwake. Mimi nilimwonyesha mapito, akakaa kwenye matope kama ndama. Mtu kacheka — nadhani Joyceline. Halafu wengine. Nimeinama nikaficha uso kwenye daftari hili, maana na mimi nilikuwa nacheka.

Sasa viti vinasukumwa. Mlango umefunguka. Wanatoka wote, Mashimba mbele, fimbo ameielekeza mlima wa ng'ambo. Dokta yuko nyuma yake, masharti ameyakunja mfukoni, anamuuliza: na kushuka je, ni njia ileile? Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyeniambia lolote, si ndiyo, si hapana.

Joyceline kapita wa mwisho. Kasimama.

Mwalimu, njoo mlimani na kalamu.

Mwalimu. Si Ndugu Laurian. Naenda —