RNA na Surua ya Neema

Jumatatu, 13 Septemba 1976. Iringa

Vipindi viwili na Kidato cha Sita. Nimechora ubaoni sukari mbili za nyuzi za urithi, RNA na DNA. Ya RNA ina oksijeni kwenye kaboni ya pili, ya DNA haina. DNA ina thaimini, RNA ina yurasili mahali pake. Nimewaambia oksijeni hiyo moja ndiyo inayofanya RNA ikatike upesi na DNA idumu. Wameandika. Sina hakika wameelewa.

Nyumba kimya. Mke wangu Tusekile bado yuko Mbalizi, karibu na Mbeya, kwa mama yake, na watoto wote wawili, Neema na Lusajo.

Jumatano, 15 Septemba

Shemeji kapita na lori lake, akitoka Mbalizi. Neema ana surua. "Macho yamevimba, lakini maji anakunywa," kasema, bila kunitazama.

Ana miaka minne. Chanjo tuliifuata mara mbili, haikuwepo. Naogopa.

Alhamisi, 16 Septemba. Mbeya

Basi liliharibika njiani, Igawa. Mchana wote kando ya barabara, vumbi tupu. Nilitaka kumpiga dereva.

Neema kalazwa hospitali. Surua imeingia mapafuni. Anahema kama mtu aliyekimbia.

Tusekile kaniuliza, "Baba Neema, si haya ndiyo mnayosomesha? Ni kitu gani hasa?"

Nimemwambia: kirusi. Uzi mmoja wa RNA ndani ya ganda. Ukiingia mwilini, chembe zetu zinaamriwa kutengeneza nyuzi nyingine kama huo. Nimemwambia pia kwamba RNA hukatika upesi. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka kumpa kitu.

"Basi mbona huu haukatiki?"

"Unakatika. Lakini zinatengenezwa nyingine nyingi zaidi."

"Na dawa yake?"

"Hakuna."

Amegeukia ukutani. Elimu yangu yote imeishia hapo.

Ijumaa, 17 Septemba

Neema amefariki asubuhi.

Jumapili, 19 Septemba. Mbalizi

Tulimzika jana. Watu wengi. Mchungaji alisema maneno mazuri, yalinikera. Mama mkwe hali chochote. Tusekile halii, na hilo linanitisha kuliko kilio.

Jumanne, 28 Septemba. Iringa

Tumerudi nyumbani, Mlandege. Jirani kasema zahanati imepata chanjo ya surua. Tukaenda na Lusajo, bado hajaugua. Foleni ndefu, baridi. Nimemshika mkono, kachomwa, kalia kidogo, kanyamaza.

Nesi aliuliza ni mtoto wa ngapi.

"Wa pili," Tusekile akasema.

Tukatembea hadi nyumbani.