Kiboko Mbele ya Mwalimu Chande

Jumamosi, 2 Agosti

Madaftari ya kidato cha pili bado arobaini. Nimeyaacha mezani nikaenda Kisarawe kama kila Jumamosi. Mwalimu Chande kanifunga tena. Mara tatu, ya mwisho kabla chai haijapoa. Ndiye aliyenifundisha chesi tulipokuwa tukifundisha shule moja hapa Kibaha, kabla hajastaafu na kurudi kwao. Miaka kumi na moja ananifunga. Anashambulia tangu mwanzo, na mimi nashindana naye kwa kushambulia. Akili yangu haina tena nguvu hiyo. Miguu imevimba. Nimechoka na watu wote, hata wanaonipenda.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma kwenye simu namna moja ya kuanza mchezo. Inaitwa Kiboko. Askari wanasogea hatua moja moja tu, halafu basi. Farasi wanakaa nyuma yao, maaskofu wanachungulia kutoka pembeni. Umezama majini, yamebaki macho na masikio. Humgusi mtu. Mwenzako anatafuta pa kupiga, hapaoni. Akichoka kutafuta anakuja kwa pupa, hapo ndipo unapoinuka.

Wengine wanaudharau. Wanasema unajibana mwenyewe, na mtu mwenye subira atakukaba taratibu. Labda. Lakini mimi sina nguvu ya kupigana toka hatua ya tatu. Nimecheza na simu mara nne. Nimeshinda mbili.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemfunga!

Alikuja juu kama kawaida, askari wote mbele. Mimi nimekaa tu. Hatua ya ishirini na kitu akaniachia askofu bure, nikamla, mchezo ukaisha. Akaangusha mfalme wake kwa kidole.

"Huu si mchezo, Neema. Huku ni kujificha."

Nikamwambia kujificha nako kuna ufundi wake. Hakucheka. Nilifurahi vibaya, nikaona aibu kidogo, kisha nikaendelea kufurahi.

Jumatano, 13 Agosti

Vipindi sita leo. Sauti imekauka.

Walimu wa Kibaha tunacheza na wa Kisarawe tarehe 23, kule kwao. Nimepewa meza ya kwanza. Nimewaeleza wenzangu habari za Kiboko mpaka wakanichoka. Meza ya kwanza ya Kisarawe ni Mwalimu Chande. Wastaafu wanaruhusiwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemfunga mara mbili. Sina raha.

Alipanga kete, mfalme na malkia wamebadilishana nafasi. Nikamwambia. Akasema ananipima macho. Katikati ya mchezo akatoa farasi, akamrudisha, akamtoa, akamrudisha. Nikajisifu moyoni kwamba Kiboko kimemchanganya.

Nilipoaga akaniuliza, "Baba Eliya hajambo?"

Mume wangu amefariki mwaka wa nne sasa. Mwalimu Chande alikuwepo mazikoni. Aliingia kaburini kupokea jeneza.

Nikajibu hajambo. Sijui kwa nini.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekaa na daftari ninaloandikia hatua za michezo yetu. Nimeirudia yote mitatu kwenye ubao. Yule askofu wa tarehe 9 hakulazimishwa na Kiboko wala na chochote. Alimweka tu pale, mdomoni mwa askari wangu. Mwanafunzi wa wiki mbili asingefanya vile. Kuna mahali zamu moja zaidi angenifunga, na hakuiona.

Sikushinda mimi. Na Kiboko hakikushinda. Nilikuwa najisifu huku mtu anapotea mbele yangu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempigia Mama Zuhura, mkewe. Nilizungukazunguka, kisha nikamwambia niliyoyaona. Nikamsikia akifunga mlango.

"Tangu Ramadhani, Mwalimu," akasema. "Ametoka msikitini juzi akaenda kukaa barazani kwa watu, akidhani ni kwake. Hospitali hataki kusikia. Na mimi kanikataza kusema."

Nikamuuliza tumtoe kwenye mashindano? Akasema usithubutu. Wiki nzima anacheza peke yake, anasema anatafuta dawa ya Kiboko. Ila akaniomba nisimwaibishe mbele ya watu.

Nitafanyaje hilo? Hakuniambia.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefikiria kusema naumwa. Si uongo sana, presha iko juu. Lakini watamweka kijana wa kemia mezani pangu, na yule hana huruma.

Jumamosi, 23 Agosti

Ukumbi wa shule, joto, viti vya plastiki. Alivaa kanzu nyeupe na koti. Shikamoo Mwalimu. Marahaba binti. Alionekana vizuri kuliko mimi.

Nikapanga Kiboko. Safari hii si kwa kumvizia. Kilinifaa kwa sababu mtu anaweza kukaa hatua ishirini bila kuumia na bila kuumiza. Nafasi zikafunguka mara mbili, sikuingia. Nikawa nasogeza mfalme huku na huku.

Halafu mkono wake ukasimama hewani. Watu wamesimama nyuma yetu. Akainama kama anaokota kitu.

"Neema," kwa sauti ya chini kabisa, "mimi ni nyeupe au nyeusi?"

"Nyeupe, Mwalimu."

Nikampa mkono wa sare. Akautazama, kisha akanitazama. Macho yale yale ya ofisini zamani, nikikosea hatua ya chesi.

"Unanihurumia. Toka lini?"

Nikarudisha mkono wangu mezani.

"Nifunge. Kama naondoka, niondoke nimefungwa. Nisiondoke nimeachiwa."

Akasogeza kete yake, nikasukuma askari wa katikati. Hatua tisa. Nilimfunga kama alivyonifundisha, bila kusitasita. Wa Kibaha wakapiga makofi. Alisimama akawaambia, "Huyu nimemfundisha mimi." Akatoka nje, mkewe akamfuata.

Nilikwenda chooni nikalia. Nimechoka kuliko siku zote za mwaka huu.

Jumatano, 27 Agosti

Ujumbe wa Mama Zuhura: amekubali mwenyewe kwenda hospitali. Wamepima, wamempa dawa. Daktari hakuahidi kitu.

Jumamosi, 30 Agosti

Kisarawe. Nilidhani hatataka kuniona. Nimekuta ubao uko tayari barazani, kila kete mahali pake. Mama Zuhura anasema ilimchukua asubuhi nzima.

Akaniomba nimwonyeshe Kiboko. Mechi zake zote alizozikariri zinamtoka, kasema, anafika njiani hajui anakwenda wapi. Hiki kinapangwa kila siku namna ileile, hakuna cha kukumbuka. Alisema bila kuona haya, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamwonyesha. Tukapanga Kiboko wote wawili, yeye na mimi, askari wametazamana kwa mbali. Hakuna aliyemla mwenzake. Hatua thelathini, labda zaidi, sikuandika. Alisahau zamu mara mbili, nikamwambia, akacheza.

Mama Zuhura alileta mihogo ya kuchemsha, akasimama akitazama ubao uliojaa.

"Nani anashinda?"

"Bado hatujaanza," akasema Mwalimu Chande, akasogeza mfalme chumba kimoja.