Sheria za Bendi na Mawese ya Mama

Bweni la Wasichana,
S.L.P. 41,
Kasulu.
20 Julai 1996

Mpendwa Mjomba Bazilio,

Shikamoo. Habari za Morogoro, habari za kazi, habari za Mama Winnie na Winnie mwenyewe? Natumaini kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya Krismasi kimekwisha, maana ulikuwa ukikohoa hadi kuku wa Bibi wanaruka kwenye viota. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, na malaria ilinipitia mwezi wa tano ikaona sina nyama ya kutosha, ikaenda zake. Ni moyo tu, Mjomba, ndio unaochemka.

Mabamba nako ni wazima. Mama alinitumia salamu kwa dereva wa lori la chakula cha kambini, anasema maharage yametoka vizuri ila nyani hawana aibu. Bibi anakula, anaongea, anagombana na majirani, basi ujue ni mzima. Macho tu ndiyo yamefunga kabisa sasa. Watu anawajua kwa sauti na kwa mwendo, na ukinyamaza mbele yake anakuuliza umeiba nini.

Sasa nikueleze kisa changu, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi mwenyewe bado sijaweza kucheka.

Bendi yetu unaijua kwa kusikia. Tarumbeta, tromboni mbili na ngoma, vyote waliviacha mabruda walipoondoka. Tangu Januari tuna mwalimu mpya wa bendi, Mwalimu Felisiani, mtu wa Ujiji, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima shamba la shule. Siku ya kwanza hakugusa chombo chochote. Alichukua nyundo na misumari, akagongelea sheria zake kwenye mlango wa stoo, akatuambia tuzisome mpaka tuziote.

Mjomba, zile sheria! Ufike mazoezini kabla ya Mwalimu. Ukimkuta ameketi, unakaa nje ya mlango na kusikiliza wenzako. Kucha ziwe fupi. Usigonge mguu chini kuhesabu mapigo, uhesabu moyoni. Wewe uliyepiga tarumbeta kwenye bendi ya kiwanda miaka yote hiyo, niambie, mguu unaanzaje kukaa kimya? Usitie chumvi kwenye noti, piga kilichoandikwa. Usicheke mwenzako akikosea. Usile muwa siku ya mazoezi. Hiyo ya muwa naikubali, kwa sababu tarumbeta la Swaumu, rafiki yangu ninayekaa naye mstari mmoja, liliwahi kuvamiwa na sisimizi.

Lakini iliyonikera kuliko zote ni Sheria ya Nne. Inasema kila mtu apige sehemu yake, na asipige sehemu ya mwenzake, mwenzake awepo au asiwepo. Mwezi wa tatu Swaumu alilazwa. Nikaona wimbo una tundu katikati kama jino lililong'oka, nikaziba. Nilidhani nitasifiwa. Mwalimu akashusha mikono, akaniuliza mimi ni Aline au ni Swaumu. Kisha akanipeleka kung'oa nyasi uwanja wa mpira, wenzangu wakiendelea na lile tundu lao. Eti pengo la mtu ni lake, lazima lisikike, ili aliyekosekana ajulikane kuwa amekosekana. Niling'oa nyasi huku nikimng'oa na yeye kimoyomoyo.

Na kuna yule Abbasi. Baba yake ni fundi cherehani pale sokoni Kasulu. Abbasi ndiye mtoto wa sheria. Mguu hagongi, chumvi hatii, na akikuona umechelewa anautazama mlango wa stoo, halafu anakutazama wewe. Anapiga tarumbeta la tatu, lile la pa-pa, pa-pa nyuma ya wenzake, na anazipiga hizo pa-pa kwa uso wa mtu anayesoma hukumu. Mimi nimepewa kuanza. Wimbo wetu wa kupokea wageni unaanza na tarumbeta moja peke yake, wengine wote kimya, na hilo tarumbeta ni langu. Nakumbuka kwamba bila wewe kumsihi Mama nisingekuwa hata bendini, na ule mdomo wa tarumbeta ulionipa Krismasi ndio ninaopigia hadi leo.

Sasa sikiliza balaa. Sheria ya Saba inasema kila Ijumaa mpigaji atie mafuta kwenye vibonyezo vya chombo chake. Kopo la mafuta waliloacha mabruda lilikauka mwezi wa sita. Tukamwambia Mwalimu. Akasema kopo limekwisha, sheria haijakwisha. Basi kila mtu akahangaika kivyake. Abbasi akaleta mafuta ya cherehani ya baba yake, kichupa kidogo, akajitilia mwenyewe na kukifunga. Mimi nikatoa mawese ya Mama. Unayajua mawese ya Mama, anavyoyachuja kwa kitambaa mpaka yanang'aa. Nyumbani tunapikia, tunajipaka, tunapaka mnyororo wa baiskeli na bawaba za mlango. Kwa nini tarumbeta liyakatae?

Wala halikuyakataa. Mchana, jua likiwaka, vibonyezo viliteleza vizuri kuliko siku za kopo. Mstari mzima wa tarumbeta, ukimtoa Abbasi, na wengine wa nyuma wakaja kuniomba, nikawagawia wote, maana sikulelewa kunyima. Ijumaa Mwalimu alipita kukagua. Alipitisha kidole kwenye tarumbeta langu, akaona wekundu, akanusa, akasema, "Endelea." Neno hilo alilisema kwa kinywa chake, Mjomba, na mashahidi wapo.

Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Mazoezi yetu yote huwa alasiri, lakini siku hiyo gwaride lilipangwa saa moja asubuhi, wakati wa kupandisha bendera. Wewe umekulia huku, unajua baridi ya Julai. Ukungu ulikuwa umekaa uwanjani kama mtu aliyekuja kuishi, na vyombo vilikuwa vimelala kwenye sakafu ya saruji ndani ya stoo. Mgeni rasmi akasimama, akavua kofia. Mwalimu akainua mikono. Ndayiragije, yule mpiga ngoma kubwa, akapiga zake za mwanzo. Nikaweka tarumbeta mdomoni, nikabonyeza.

Vibonyezo vilishuka, havikupanda tena.

Ikatoka sauti moja tu, ile ile, ndefu, ya ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. Nikabonyeza kwa nguvu, nikapuliza kwa nguvu, ng'ombe akazidi. Nikasema moyoni wenzangu wataniokoa wakiingia. Wakaingia! Kila mmoja na ng'ombe wake. Wazazi wakaanza kuziba midomo kwa kanga. Ndayiragije hakuacha kupiga, kwa sababu sheria inasema ngoma haiachi mpaka Mwalimu ashushe mikono, na Mwalimu mikono ilikuwa imemgandia hewani. Mgeni rasmi akawa anaitazama kofia yake, hajui aivae au aendelee kuishika. Na katikati ya aibu yote hiyo akasikika Abbasi peke yake, safi kabisa, na mafuta yake ya cherehani: pa-pa, pa-pa. Hakufikiria hata kunishikia ule wimbo. Pa-pa zake tu mpaka mwisho. Ningekuwa karibu ningemkanyaga.

Yaliganda, Mjomba. Mawese yaliganda. Na mimi kila asubuhi ya baridi nyumbani ndiye ninayeisogeza chupa ya Mama kwenye mafiga ili yayeyuke. Nimeifanya kazi hiyo tangu utoto na bado sikufikiri. Kasulu nzima inajua mawese huganda Julai, na bendi nzima ni watoto wa Kasulu na Kibondo, na hakuna aliyefikiri. Mwalimu peke yake ana kisingizio, maana wanasema kule ziwani kuna joto. Lakini kisingizio hicho hakukitumia. Alifungua tarumbeta langu mbele ya wote, akachomoa kibonyezo kilichogandwa na mafuta mazito ya rangi ya chungwa, akauliza mawese haya ni ya nani. Shingo zote zikanigeukia. Hata ya Swaumu. Wote waliyaomba kwa mikono miwili, na siku hiyo yakawa yangu peke yangu.

Nimefukuzwa bendi. Sheria ya mwisho: aliyeharibu chombo hagusi chombo. Tarumbeta langu limefungiwa stoo. Hata hivyo nimeruhusiwa kugusa vyombo vyote kwa kuviosha, kwa maji ya moto na sabuni, kimoja kimoja, mpaka vidole vinanukia mboga. Nilipomkumbusha kwamba alinusa na kusema endelea, alisema mwanafunzi wa bendi hajibizani na Mwalimu, nikatazame mlangoni. Na kule kuanza kwangu amempa Abbasi.

Haya yote ningeyameza. Kinachonikaba ni Nane Nane. Bendi yetu imealikwa kufungua sherehe Kibondo mjini, na Mama ameshaomba nafasi kwenye lori amlete Bibi kutoka Mabamba. Unakumbuka ulivyomwambia Krismasi, ulipomshika mkono: ukisikia tarumbeta moja peke yake, kabla ya wengine, ujue huyo ni Aline. Bibi akaahidi kwamba atasikia, akasema, "Nzokwumva, mwana wanje." Tangu hapo kila anayepita anaambiwa kwamba yeye haoni lakini atasikia. Sasa fikiria, Mjomba. Bibi ataketi pale juani, tarumbeta moja italia, naye atapiga vigelegele na kulia machozi kwa ajili yangu, na mpigaji atakuwa Abbasi. Mama ataona kwa macho kuwa si mimi. Unadhani atakuwa na moyo wa kumwambia? Hata mimi sitakuwa nao. Bibi ataondoka duniani na sauti ya mtu mwingine akidhani ni yangu.

Kwa hiyo naomba, Mjomba wangu, umwandikie Mwalimu Felisiani. Wewe ndiye mlezi wangu tangu Baba afariki, na ni mtu wa bendi, labda ninyi watu wa bendi mna lugha yenu. Usimtukane, hata kama mimi ningependa. Na utume mafuta halisi ya tarumbeta kama yanapatikana huko, yatufae sote.

Subiri kidogo, Mjomba. Ninakuandikia hapa bwenini, na mazoezi yanaendelea ukumbini, nyuma tu ya jiko. Kuna jambo silielewi. Ndayiragije amepiga ngoma zake za mwanzo, halafu kimya. Kimya kirefu, urefu ule ule wa sehemu yangu. Kisha wengine wote wameingia pale pale wanapoingia siku zote, na pa-pa za Abbasi nimezisikia humo nyuma. Wamesimamishwa.

Wameanza tena. Ngoma, halafu kimya. Vidole vyangu vinabonyeza hapa juu ya meza, na vimemaliza, na ndipo wao wakaingia.

Mara ya tatu nayo ni hivyo hivyo.

Swaumu amekuja mbio dirishani, hata kuhema hawezi. Anasema, "Mwalimu kamwuliza Abbasi, mbona huanzi? Abbasi kasimama, kasema, Sheria ya Nne, Mwalimu. Ile sehemu ni ya Aline." Anasema Mwalimu ameenda mwenyewe mpaka mlangoni mwa stoo, akaisoma karatasi yake kama vile imeandikwa na mtu mwingine, na ukumbi mzima hakuna hata mguu uliogonga. Halafu akasema, "Mwiteni." Sijui ananiitia fimbo au tarumbeta. Ule mdomo wako uko mfukoni mwangu, nakwenda nao kwa lolote.

Basi nafunga haraka. Msalimie sana Mama Winnie, mwambie kanga aliyonipa bado ndiyo ya kanisani. Mbusu Winnie. Wasalimie na watu wa bendi yenu ya zamani ukikutana nao. Mungu akulinde, akuondolee hicho kikohozi, akurudishe Mabamba ukiwa na pumzi zako zote.

Wako akupendaye,
mpwa wako,
Aline Niyubahwe

N.B. Nimerudi. Tarumbeta amenipa, msamaha bado. Kuosha vyombo nitaendelea mpaka muhula uishe, na mlangoni ameongeza sheria mpya kwamba mawese ni ya jikoni. Abbasi nilimwambia asante, akanijibu kwamba nimechelewa kufika. Mafuta utume hata hivyo. Na Bibi akikuambia kwamba Nane Nane alinisikia, usimuulize mara mbili. Ni mimi.