Baba Anaacha Ghala Liwe Tupu

Kwako Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mu wazima na kikohozi cha yule mdogo kimeshakwisha. Sisi huku miili haijambo. Ama roho, ngoja nikueleze, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utashangaa, tangu lini Pilipili akaandika barua. Lakini ulipopiga simu ukaniuliza kwa nini Baba amenuna na hapokei simu zako, Mama alikuwa ubavuni kwangu anachambua maharage, na unajua kwamba ugonjwa ulimchukulia sauti tu. Masikio ulimwachia, tena naona yameongezeka ukali. Nikakujibu kwamba tutaongea, ukakasirika, ukakata. Haya, sasa tunaongea. Na kabla sijasahau: ile nakala ya zamani ya mchezo uliyosema imebaki kwenye kompyuta yako, usimtumie Baba. Usinune. Soma kwanza mpaka mwisho.

Unakumbuka mchezo wenyewe ulivyoingia nyumbani kwetu. Mama alikuwa bado mtangazaji wa kituo cha mabasi, na wale vijana waliopanga chumba ghorofani, wakitengeneza mchezo wa kompyuta wa falme za kale, walikuwa wakimsikia kutwa nzima dirishani, wapende wasipende. Wakamwomba awe sauti ya Bibi Mshauri katika Himaya na Ghala. Walimwandikia maneno ya kusoma, akayaona hayana chumvi, akayaweka kando akasema ya kwake. Mchezaji akimaliza mawe yote kujenga kuta huku raia wake wana njaa, Mama anashusha pumzi kwanza, halafu anamwambia, "Mwanangu, watu hawali ngome." Akipeleka jeshi vitani ovyo ovyo, anaulizwa kama amewaaga mama zao. Mimi na wewe tulicheka mpaka machozi, kwa sababu ndivyo alivyotusema sisi tangu tunatambaa.

Kisha likaja lile koo, ikaja hospitali, na sauti haikurudi. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukukiona kimya cha nyumba hii. Mimi nilikiona. Ndipo siku moja Baba, fundi kufuli mzima, mtu ambaye kompyuta kwake ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa, akaja karakana kwangu, akakaa juu ya friji bovu, akaniomba nimfundishe kucheza.

Nikamfundisha. Dada, duniani hajatokea mchezaji mbovu kama baba yetu! Mashamba yameiva, havuni. Mvua imenyesha, hapandi. Ghala likibaki na punje mbili, yeye ameshika kidevu anatazama tu. Nilimkemea kama anavyokemewa mwanagenzi, nikamwonyesha pa kubonyeza, akaitikia ndiyo, ndiyo, na nikigeuka tu watu wake wanakufa njaa tena. Ilinichukua muda kuelewa. Bibi Mshauri huongea mambo yakiharibika. Mwenye ghala lililojaa hasemeshwi. Baba alikuwa anaua ufalme mzima kwa njaa ili akaripiwe na mkewe. Akishaambiwa "mwanangu, watu hawali ngome", anatabasamu, anaanza upya. Nikafunga mdomo wangu, na unajua kwangu hiyo si kazi ndogo.

Sasa ndiyo wale vijana wakaleta hiyo nyongeza ya mchezo wao. Inaitwa Zama za Misafara. Naomba mwenye kuibuni akose usingizi. Kompyuta iliipakua yenyewe bila kumwuliza mtu, na tangu hapo inanguruma kama mashine ya kusaga. Wameleta ngamia, na ngamia wenyewe hawajui njia. Unawatuma mashariki unawakuta wamesimama mtoni wanatazama maji. Kila mji unataka kibali. Dirisha la kodi linafunika nusu ya ramani, ukilifunga linafunguka tena, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Hayo yote ningevumilia. Ila Bibi Mshauri wamemwondoa. Mahali pake wamemweka kijana mwenye sauti ya kutangaza sabuni, na ghala likiisha anasema, "Hongera, Mtukufu! Akiba yako ya chakula imepungua." Hongera! Nani anampongeza mtu kwa njaa?

Baba mara ya kwanza alidhani spika zimeharibika. Akazipangusa kwa kitambaa. Akakagua waya mmoja mmoja. Akaniita niangalie, nikamwambia hakuna kilichokatika. Akaacha ghala liishe tena, akasubiri, akapongezwa. Akaliacha tena, akapongezwa. Basi akazima kutoka ukutani, akaenda uani na kufuli lake moja kuukuu, akawa analifunga na kulifungua, analifunga na kulifungua. Ndiyo maana simu yako haikupokewa. Si wewe uliyemkosea.

Mimi damu ilinichemka, nikaingia kwenye jukwaa la wachezaji mtandaoni. Heri ningeingia kwenye mzinga wa nyuki. Huyu anasifu manyoya ya ngamia, eti yanapeperuka kwa upepo kama ya kweli. Yule anasema nyongeza ni nzuri sana ila haichezeki. Mwingine amekuwa akilalamika tangu mchezo unazaliwa, na bado yumo. Wako waliobishana kutwa nzima kama askari wa zama hizo walivaa kofia ama hawakuvaa. Nikaandika kwa herufi kubwa: RUDISHENI BIBI MSHAURI. Wengi waliniunga mkono. Mmoja alisema hajawahi kushinda vita bila kugombezwa kwanza, na sasa anashindwa kila siku huku akipewa hongera. Nikajiona nimepata jeshi.

Ndipo akajitokeza mtu anajiita Jirani wa Mfalme. Akaandika kwamba Bibi huyo ameshasema yake, na kwamba mtu akirudia maneno yale yale kila siku, anayemsikiliza mwishowe anaacha kumsikia. Akasema aachwe apumzike, na sisi tujifunze kuangalia ghala kwa macho yetu. Watu wakampigia makofi! Jeshi langu likaanza kuhama kundi kwa kundi. Dada, sikujizuia. Nilimwandikia kwamba inaonekana yeye hakulelewa na mama, aliokotwa, na kama alilelewa basi huyo mama alimchoka mapema. Akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi, kwamba kulea ni kazi ngumu na wengine huikosea. Nikapiga ngumi meza mpaka chai ikamwagika.

Kesho yake nikafunga karakana, nikaenda kwenye ofisi ya wale vijana. Siku hizi wana mlango wa kioo na mtu wa kukuuliza umekuja kumwona nani. Nikasema nimekuja kumwona aliyemfukuza mama yangu. Akatoka yule msichana wa sauti, aliyekuwa akimchemshia Mama maji ya tangawizi wakati wa kurekodi. Nikamwaga yote pale pale mlangoni, wafanyakazi wakavua vile vya masikioni ili wanisikie vizuri. Aliniacha nimalize. Kisha akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo kwamba hawakumfukuza mtu. Mwenye sauti mwenyewe ndiye aliyewaandikia aondolewe. Walimbembeleza sana, akakataa, na wao wakaona sauti ni yake.

Nikamwita mwongo. Nikarudi nyumbani nimevimba, nikamkuta Mama anakunja nguo. Nikamwuliza kama ni kweli. Alimaliza kukunja shati, akalipigapiga likae sawa, akachukua simu yake akanipa. Ilikuwa imefunguka kwenye jukwaa la wachezaji. Juu kabisa, pale panapoandikwa jina la mwenye simu, paliandikwa Jirani wa Mfalme. Na chini yake yalikuwapo maneno yangu yote kuhusu mtu aliyeokotwa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alinitazama vile vile alivyokuwa akitutazama tukirudi na sare iliyochanika, anasubiri niseme mwenyewe. Nikasema nisamehe Mama, sikujua. Akanipokonya simu akaanza kuandika kwa kidole kimoja, polepole, na mimi nimesimama kama mshtakiwa.

Aliniuliza kama naikumbuka siku aliyoleta majibu ya hospitali. Naikumbuka, na wewe unaikumbuka, ndiyo siku tuliyoambiwa koo ni safi na ugonjwa umekwisha. Tuliambiwa jioni. Yeye alikuwa amerudi mchana. Alitoka kwenye gari karibu anakimbia, akaingia moja kwa moja mpaka kwa Baba, maana alitaka Baba ndiye awe wa kwanza kujua. Alimkuta kwenye kompyuta, akamgusa bega. Baba hakugeuka. Alidhani ni mimi. Akainua kiganja akasema, "Ngoja, mwanangu, mama yako anaongea."

Akangoja. Ndivyo alivyoandika, kwamba alisimama nyuma ya kiti akamngoja yule mwingine amalize kuongea. Alipomaliza, Baba akaanza upya. Mama akaenda jikoni, akaviringisha yale majibu akayatia nyuma ya kopo la sukari, akapika. Akaniandikia kwamba wanawake wengine huletewa mke mwenza kutoka nje; yeye wa kwake alimzaa mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, na hana hata pa kumshtaki.

Dada, mimi ni mtu wa maneno, unanijua. Nilimrudishia simu yake kwa mikono miwili. Nilikuwa nikipita pale kila siku, nikimwona Baba anatabasamu na kile kisanduku, nikajisifu moyoni kwamba nimemfariji mzee. Sikuwahi kuuliza Mama amekaa wapi wakati huo. Alikuwa amekaa pale pale.

Nikamwambia nitamweleza Baba, akanikataza, akaenda mwenyewe uani na simu yake. Mimi nilichungulia dirishani, usinihukumu. Baba alivaa miwani akasoma, akasoma tena, akaweka kufuli chini. Mama naye akarudi ndani kwenye nguo zake. Nikajua sasa nyumba imeungua. Baada ya muda Baba akaingia, akavuta kiti chake kwenye kompyuta, akaenda chumba cha kulia, akarudi na kiti cha pili, akakiweka karibu na cha kwanza. Akasimama pale, ameshika mgongo wa kiti. Mama alimwacha asimame kwanza. Kisha akaja akakaa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyamazisha yule kijana wa sabuni.

Sasa Mama ndiye mshauri. Baba akijenga ukuta pasipo na sababu, anafinywa mkono. Akisahau kuvuna, meza inagongwa. Wakishindwa kuelewana kuna kuandikiana kwenye simu, na Baba analalama kwamba maandishi ni madogo, na Mama anayakuza mpaka neno moja linajaa kioo kizima. Ngamia bado wanasimama mtoni. Nami bado nasema nyongeza hii ni takataka, na nitasema hivyo mpaka waitengeneze. Lakini Mama alinilazimisha nimwombe radhi Jirani wa Mfalme hadharani, jukwaa zima likisoma, nami nikaomba. Wananicheka mpaka leo. Mmoja ameniuliza kama nami niliokotwa.

Na sasa nikuungamie jambo, kwa sababu mwizi wa ile sauti si Baba peke yake. Mimi pia nilikuwa nikisimama nyuma ya mlango na spana mkononi, najifanya natafuta kitu, ili niisikie ile sauti ikisema "mwanangu". Naitamani mpaka sasa. Najua na wewe unaitamani, ndiyo maana nakala hiyo hujaigusa. Basi usimtumie Baba, wala usiifute. Siku nikija kwako utanifungulia kidogo, mlango ukiwa umefungwa, halafu tutaosha nyuso tutoke.

Lingine, na usikasirike: ukipiga simu unaongea na Baba, halafu unaniuliza mimi Mama hajambo. Mpigie yeye. Mpigie ya video, umwone uso. Ana mengi ya kukusema, hasa kuhusu nywele zako.

Jana nilipita na sanduku langu la spana nikawakuta wamekaa. Siku hizi Baba anajua kucheza, ghala lake linafurika, lakini jana nikaona linapungua, linapungua, mashamba yameiva na yeye hagusi kitu. Nikataka kumpigia kelele. Kumbe hata hakuwa anatazama kompyuta. Alikuwa ameigeuzia mgongo, ameuelekea uso wa Mama, ameshika kidevu, anasubiri. Na Mama kwa ujeuri wake akamsubirisha mpaka punje ya mwisho, ndipo akainua mikono yote miwili kumgombeza.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na huyo mdogo mvalishe sweta. Baba na Mama wanakusalimu. Mama amechungulia begani kwangu sasa hivi akagonga meza, nadhani ana maana niache maneno mengi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakuokotwa,

Pilipili