Sabufa ya Binti wa Kinyozi

Jumamosi, 8 Machi

Kinyozi wa mtaa wetu kaleta gari. Anataka sabufa chini ya kiti cha nyuma. Si yake – ya binti yake wa miaka tisa, asiyesikia. "Muziki anaupata kwa mgongo, fundi." Spika kanunua kwa yule dada wa duka la kona. Amplifaya anayo, ya zamani.

Nimemaliza kwa saa moja! Binti akakaa, nikawasha. Akatoa macho, akacheka, akauvuta mkono wa baba yake akaubandika kitini. Kinyozi machozi yakamlengalenga. Mimi kichwa kikavimba.

Mara binti akabana pua. Kati yetu watatu, asiyesikia ndiye aliyesikia harufu. Nikasema vitu vipya hunuka, kawaida tu. Nikaongeza sauti.

Dakika tano – kimya. Amplifaya imeungua.

Spika ile ina koili mbili, omu nne kila moja. Nimeziunga sambamba, zikawa omu mbili – na omu zikipungua, amplifaya hulemewa. Amplifaya imeandikwa ubavuni kabisa: isipungue nne. Ningeziunga kwa mfuatano zingekuwa nane, mdundo ungepungua kidogo, basi. Sikupima. Mita ilikuwa mfukoni!

Nikamwambia kinyozi: "Umeuziwa spika feki. Ndiyo iliyoiua."

Ilinitoka tu. Hata mate sikumeza.

Jumapili, 9 Machi

Sahani nimeirudisha imejaa. Mke wangu kauliza nina nini. Nimesema jino linauma. Uongo wa pili.

Jumanne, 11 Machi

Kinyozi kaenda kumrudishia dada spika. Nimehadithiwa na mteja: kafoka mbele ya watu, kamwita tapeli. Dada kaipokea, kaiweka kando.

Baadaye kinyozi kapita kwangu na soda. "Asante kwa kunifumbua macho, fundi."

Nimeinywa! Yote. Sijui nina koo la namna gani.

Alhamisi, 13 Machi

Dada kaja mwenyewe asubuhi. Kaipakata spika kama mtoto mgonjwa, kaiweka mezani. Sauti hakupandisha.

"Kaka, pima."

Koili ya kwanza, nne. Ya pili, nne. Nzima kabisa.

Akauliza niliungaje. Nikamwonyesha kwa vidole: sambamba. Kisha nikasema nisamehe dada, kosa langu. Na kwamba kinyozi nitamtafutia wakati mzuri, nimweleze taratibu... Nilivyojisikia, nilitamani ardhi ipasuke.

"Mimi nimekusikia," kasema. "Lakini nilipoitwa tapeli, duka lilikuwa limejaa."

Katoa simu, kampigia kinyozi hapo hapo: njoo kwa fundi.

Sasa kakaa kwenye stuli yangu, anamsubiri. Naandika ili mikono ipate kazi. Uso unaniwaka. Nimepanga sentensi tatu, zote zinaanza na "unajua" – zote za kujitetea. Nimezikata.

Gari limeingia uani. Kinyozi kashuka, na binti. Kamwona dada, kakunja uso: huyu anatafuta nini hapa? Dada kamjibu maneno mawili tu – muulize fundi.

Kumbe binti anasoma midomo. Kaitazama ya baba yake. Kaitazama ya dada.

Sasa anaitazama yangu.