Mrija Dirishani

Tororo, 1964

Kaka Wanyama, wanafunzi wako hawajambo?

Ulinifundisha kwamba hadithi fupi inataka mtu, mahali na shida. Jana kwa rafiki yangu Owori tulikizunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu akinyonya kwa mrija wake mrefu, mvua ikipiga bati. Mara akaingia mama mkwe wake, amelowa chepechepe! Hapa, kama kwetu, ni mwiko wawili hao kukaa chumba kimoja. Owori akaruka dirishani, akasimama mvuani. Mama akautazama mrija wa Owori ulioachwa chunguni.

“Sogezeni chungu, mrija yake itoke dirishani,” akasema. “Mkwe asikufe kiu sababu yangu.”

Owori akanywa huku ananyeshewa.

Shida ilikuwa yake, mwisho akautoa mama. Sasa mwalimu, hadithi ni ya nani?

Msalimie mama mkwe wako, kwa mbali.

Nduguyo, Barasa