Kifundo Hufuata Goti

Jumatatu, 3 Machi

Mguu ule ule wa farasi, meza ile ile. Leo tumemaliza paja. Mwenzangu Zahra alishika koleo, mimi kisu. Neva ya siatiki imetoka safi, nene kama kidole gumba changu. Inashuka nyuma ya paja, inagawanyika mbili kabla ya kufika ugoko. Ateri tumeipaka rangi nyekundu ionekane.

Zahra amefunga. Harufu ya dawa ya kuhifadhia inamchoma koo na hawezi kunywa hata tone. Hakulalamika. Mimi ningelalamika.

Wanafunzi wawili wawili, mguu mmoja wa nyuma wa farasi. Ijumaa ya wiki ijayo tunasimama nao mbele ya Profesa, atuulize atakalo. Kwa Zahra ni alama tu. Kwangu ni kubaki au kuondoka. Mwaka jana nilianguka anatomia, na hapa hakuna kuanguka mara mbili. Nikianguka, chuo basi, viza basi, narudi Shinyanga na begi langu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu.

Kabla ya kuja huku Uingereza nilikuwa machinjioni, nakagua nyama. Miguu ya ng'ombe nimefungua hadi mkono unaenda wenyewe. Mbele ya ugoko wa ng'ombe kuna msuli mnene, nyama tupu, huwezi kuukosa. Leo nikautafuta huo huo kwenye farasi. Sikuuona. Nikakuta utepe mweupe, hauna nyama hata chembe, umebanwa katikati ya misuli miwili. Nikasema huu utando. Utando husafishwa. Nikapitisha kisu, mara moja, kwa maringo ya fundi.

Zahra alikuwa ameinamia kitabu. Alipoinua kichwa ilikuwa imekwisha.

"Dada Leti, hiyo si utando. That's the tendon. Umekata tendon!"

Ndio uliokuwa msuli wenyewe. Kwa farasi umegeuka ukano mtupu. Peroneus tertius. Kamba inayofunga goti na kifundo, ili goti likikunjika, kifundo kikunjike pia, kipende kisipende. Nimesoma haya. Nilijibu swali lake mwezi uliopita. Lakini kitabu kilisomwa na kichwa, na kisu kilishikwa na mkono. Mazoea yana taabu.

Tulijaribu kuukunja. Goti likakunjika. Kifundo kikaning'inia tu, kama mlango uliong'oka bawaba.

Alhamisi, 6 Machi

Mguu mwingine hakuna. Tumeuliza. Miguu hii ni ya farasi waliokufa, wamiliki wao wakaitoa tusomee. Mmoja kwa kila meza, na meza zimejaa.

Na Profesa ana desturi yake, kila mtu anaijua. Kabla ya swali lolote, hata kabla ya salamu, hushika kwato na kuukunja mguu. Ndivyo anavyoanza. Kwa hiyo ataona kosa langu kabla hajauona uso wangu.

Zahra ameniita Leticia. Siku zote huniita dada Leti, bibi yake ndiye aliyemfundisha adabu hiyo. Bibi amezaliwa Mombasa, yuko nao Harrow. Leo Leticia, lete sponji. Leticia, sogea. Inauma kuliko tusi.

Jumapili, 9 Machi

Thornton Heath kwa mama mdogo. Kanisani amenisimamisha mbele ya watu: "Huyu ndiye daktari wetu wa farasi, mwombeeni, ana mtihani Ijumaa." Watu wakapiga makofi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nyumbani akanitania kama kawaida. "Msukuma na ng'ombe, sawa. Msukuma na farasi, wapi na wapi?" Nikacheka kwa meno. Asingejua jinsi alivyogonga penyewe. Anafanya kazi ya kutunza wazee, miguu imemvimba, na bado ananipakulia kwanza mimi. "Kula mwanangu, kesho niko long day, hadi usiku, dagaa ziko kwenye fridge." Nimekula dagaa zake na sikumwambia kitu. Najichukia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Zahra tushone. Uzi mwembamba, mafuta kidogo yanarudishwa juu, nani ataona? Profesa atakunja, kifundo kitafuata, tutaendelea na neva na ateri kama watu wengine.

Akaweka koleo chini. "Mimi nimefunga, Leticia. Usiniambie nidanganye."

Nilikasirika. Saumu yake, tiketi ya kurudi yangu. Sikulisema hilo, lakini nililifikiri kwa sauti kubwa kiasi kwamba nadhani alilisikia. Akatoka kwenda kumwomba msimamizi ampe mwenzi mwingine. Akakataliwa, wiki hii hakuna kubadilishana. Akarudi, akafanya kazi upande wake wa meza hadi mwisho wa kipindi. Tulikuwa tunapishana mikono juu ya mguu mmoja na hatugusani.

Alipokwenda kufuturu nilibaki. Nikashona.

Jumatano, 12 Machi

Mshono ni mzuri. Nimeukunja mara kadhaa, kifundo kinafuata. Nimelala vibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Ameuona. Hakutafuta, aliinama tu kuisafisha neva iliyo pembeni, akaona fundo la uzi chini ya mafuta. Nilisubiri anifokee. Nilisubiri amwite msimamizi.

Akachukua mkasi mdogo, akaulaza mezani karibu na mkono wangu. Akavua glavu, akaenda kufuturu.

Nikabaki na mkasi. Nilimfikiria mama mdogo na wale waliopiga makofi. Nilifikiri: kesho nikipita kwa uzi huu, siku nyingine kutakuwa na farasi hai na mwenye farasi, na mimi nitatafuta uzi tena. Nimeogopa leo kuliko siku ile niliyokata.

Nimefumua.

Ijumaa, 14 Machi

Profesa akashika kwato, akakunja. Kifundo kikaning'inia.

Akakunja tena. Akafunua misuli kwa kidole, akaona ncha mbili za ukano. Akauliza nani amekata. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari, neno liko kwenye ulimi.

"Sisi," akasema Zahra. We did.

Sikutegemea. Nikasema hapana, ni mimi, nilidhani ni utando, kwa ng'ombe pale pana nyama. Profesa hakutabasamu wala hakukunja uso. Aliniambia: basi huyu ni farasi wako, yuko hai, amekatika hapo hapo. Nieleze.

Nikaeleza. Atasimama, atabeba uzito. Akitembea, mguu utachelewa. Ukiuvuta nyuma, kifundo kitanyooka huku goti limekunjwa, jambo ambalo farasi mzima hawezi, na ule ukano mkubwa wa kisigino utalegea, ngozi juu yake ijikunje. Nilimwonyesha kwa mikono yangu, maana nilikuwa nimeuona kwa macho yangu tangu nilipoukata. Utamshona? akauliza.

Hashonwi, nikasema. Hupumzishwa zizini, miezi. Wengi hupona.

Kisha akaja kwenye ateri, na huko nilibabaika vibaya. Zile za chini ya kifundo nilizichanganya. Zahra hakukosea hata moja. Tulitoka hatujui kama tumepita. Koridoni nikamwambia asante. Akasema ana kiu, akaenda zake.

Jumatano, 19 Machi

Nimepita. Chupuchupu, lakini nimepita. Ateri zimenilia alama nyingi.

Nimempigia mama mdogo. Akapiga kigelegele kazini, mbele ya wazee wake. Halafu nikamsimulia yote, kisu, uzi, mkasi. Akasema, "Huyo Zahra mlete nimpikie." Nikamwambia amefunga. "Si atafungua?"

Jumamosi, 22 Machi

Mazoezi na farasi hai. Jike zee la kahawia, limewazoea wanafunzi, lilikuwa linatafuna nyasi kavu wala halitujali. Mvua nyepesi. Zahra aliweka vidole pembeni mwa mfupa, chini ya kifundo, akaipata ateri inayopiga. Akanishika vidole, akaviweka pale pale. Ile niliyoikosea.

Bibi yake ametualika futari Harrow. Anataka kumwona Msukuma anayetibu farasi. Mama mdogo anakuja pia, ameshatoka na sufuria lake, anabadilisha treni.

"Dada Leti, inua wewe," akasema Zahra.

Nikapitisha mkono nyuma ya mguu, nikainua. Goti likakunjika, kifundo kikafuata. Nikaushusha taratibu, tukanawa mikono, tukaenda kituoni.